Tabibu Aliyempandikiza Binti Yangu Ngozi

Alizaliwa wapi, mtoto wa nani, wa ukoo gani, hayo waulizeni wengine. Wapo watakaowaeleza kwa furaha, maana watu wa Tarime wanadai ni wao na watu wa Mugumu wanadai ni wao. Mimi nitaanza na mikono yake, kwa sababu ndiyo iliyoniudhi kwanza.

Ilikuwa mikono midogo. Mimi nina mikono ya mtu aliyeshika nyundo na moko, ile patasi ya kupasulia mawe, chini ya ardhi tangu hajaota ndevu. Ukinipa mkono unajua umesalimiana na nani. Tabibu alikuwa na vidole kama vya fundi cherehani, laini, kucha zimekatwa hadi zinagusa nyama, vinanuka spiriti hata Jumapili. Ukimshika mkono ulihisi umeshika kifaranga. Na mikono hiyo hiyo ndiyo watu waliyoitazama nilipoingia wodini na suti yangu na saa yangu. Hawakunitazama mimi.

Niseme mapema: nilimwonea wivu mtu yule. Sisemi kwa aibu. Nimeonea wivu watu wachache sana maishani, kwa sababu wengi niliwapita nikiwa bado nachechemea. Niliishia darasa la nne. Leo nina ghorofa Tarime mjini na malori yanayokwenda Sirari na kurudi, na vijana wenye vyeti vyao wananiomba kazi. Tabibu ana nyumba ya bati lenye kutu kule Mbalibali. Bado namwonea wivu.

Miaka ile dhahabu ilikuwa imeshika moto. Watu walitoka Musoma, Kahama, ng'ambo ya mpaka Kenya, kila mtu na beleshi na ndoto yake. Wenzangu walikuwa hawajajua kutofautisha jiwe la dhahabu na jiwe la kuzuia mlango, mimi nina shimo langu, sisi tunaliita duara, nina karasha yangu ya kusagia mawe, na kundi la vijana wananiita bosi. Lakini machimbo huzaa dhahabu kidogo na vidonda vingi. Jiwe linamwangukia mtu mguuni, anatembea na kidonda kwenye maji machafu, rafiki anamshauri apake unga wa betri, shangazi anamshauri apake kinyesi cha ng'ombe, na hatimaye mguu unanuka hadi wenzake wanamhamishia godoro nje. Hapo ndipo wanamkumbuka Tabibu wa hospitali ndogo ya misheni.

Hakuwa daktari wa chuo kikuu. Alikuwa tabibu, na hilo ndilo jina tulilomwita, kana kwamba wengine wote wenye cheo hicho walikuwa wamekiazima kwake.

Kazi yake ilikuwa hivi. Kwanza aliosha. Aliosha hadi ukamchukia. Mtu alikuja na kidonda kipana kama sahani, akadhani atapewa sindano arudi shimoni, kumbe ni kuoshwa leo, kuoshwa kesho, mpaka nyama iwe nyekundu na safi kama tikiti lililokatwa. "Kidonda ni shamba," alikuwa akisema. "Hupandi penye magugu." Kikishakuwa shamba, alikuchoma ganzi pajani, akainua ngozi kidogo kwa ncha ya sindano, akakata kwa wembe kipande kama punje ya dengu. Kipande kimoja, kingine, kingine. Akavipanga juu ya kidonda kwa nafasi, kama mtu anayehamisha miche ya vitunguu. Akafunga. Akasema, "Usiguse. Ukigusa umeng'oa."

Na kweli viliota. Kila kipande kilitanua kingo zake polepole kama doa la mafuta kwenye karatasi, kikamfikia jirani yake, wakashikana, na mguu ukafunga. Ngozi iliyopatikana haikuwa nzuri. Ilikuwa na madoa kama ya ndege kanga. Lakini vijana waliringa nayo. Walikunja suruali na kuonyeshana: "Huu ni wa Tabibu." Kama ng'ombe waliopigwa chapa. Nawaambia, vijana wangu, niliowalisha mimi, niliowanunulia mabuti mimi, walikuwa na chapa ya mtu mwingine mguuni.

Msidhani alikuwa malaika. Hiyo ndiyo hadithi ya watu wa kanisani, mimi nilimjua. Alikuwa bahili. Chai kwake ilikuwa na sukari tele kwenye kikombe chake na ya kukisia kwenye kikombe cha mgeni. Viatu vyake vyeusi alivipiga rangi mpaka uone meno yako, na mvua ikinyesha alivivua na kutembea peku na kuvibeba kifuani kama mtoto mchanga. Mtu aliyekata ngozi ya binadamu siku nzima hakuweza kuchinja kuku. Alimwita jirani, na jirani alibaki na shingo na miguu kama malipo. Aliimba vibaya kiasi kwamba mwalimu wa kwaya alimpa heshima ya kubeba ngoma. Tena alikuwa mwongo. Kila mgonjwa alimwambia haiumi. Kijana wangu mmoja, amekunja uso machozi yanamtoka, alimlalamikia: "Tabibu, si ulisema haiumi?" Akajibu bila kuinua macho, "Nilisema hainiumi mimi."

Na hakuwa na adabu kwa wakubwa. Nilikwenda siku moja nimekatwa kidole na mkanda wa karasha, nikapita foleni, kama mtu yeyote mwenye watu wa kuwasimamia angefanya. Alinitazama kidole, akanitazama mimi. "Bosi, kidonda chako kina cheo gani?" Akanirudisha nyuma ya kina mama wote. Nilikaa kwenye benchi lile nikihesabu kenchi za paa na kumlaani.

Sasa nieleze habari ya friji.

Hospitali ilikuwa na friji la mafuta ya taa. Humo, pamoja na chanjo, Tabibu alihifadhi ngozi. Akimkata mgonjwa ngozi ikabaki, aliikunja kwenye kitambaa kilicholowa maji ya chumvi, akaitia kwenye chupa, akaandika jina la mwenyewe kwenye plasta. Mgonjwa mmoja akachungulia. Kufikia mchana habari zilikuwa zimefika machimbo: Tabibu ana ngozi za watu. Na machimboni habari za viungo vya watu huaminika upesi, maana kila asiyepata dhahabu anatafuta mchawi wa yule aliyepata. Kundi likaondoka na marungu. Mimi nilikuwa mbele na pikipiki yangu. Sikutaka litokee jambo bila mimi kuwepo.

Tabibu alifungua friji lenyewe mbele yetu. Akatoa chupa, akasoma plasta, akamwita mama mmoja mzee wa Nyambureti aliyekuwa na mkono umeungua. "Mama, hii ni ya nani?" Yule mama akaikumbatia chupa. "Ni yangu, na asiishike mtu." Watu wakaanza kucheka. Tabibu akaeleza: shina la muhogo ukilikata, ukaliweka kivulini lisikauke, utalipanda hata wiki ijayo; na ngozi hivyo hivyo, ni kitu hai, haifi siku inapokatwa. Kisha akasema nchi za wenzetu wamevuka hapo. Wanachukua ngozi kama ukucha, wanaitenganisha chembe kwa chembe, wanazilisha kwenye visahani, zinazaana hadi wanapata kipande cha kumfunika mtu mgongo.

Mzee mmoja akauliza zinakula nini.

"Damu ya ndama," Tabibu akasema. "Ile ya juu, iliyochujwa."

Ukatokea mnong'ono wa kuridhika. Kwa Mkurya, kitu kinachokunywa damu ya ng'ombe kikanenepa hakihitaji maelezo zaidi. "Basi hiyo elimu ilitoka kwetu," yule mzee akasema, na marungu yakageuka fimbo za kutembelea. Tabibu akatoa soda kwenye friji lile lile, pale pale zilipokuwa ngozi, akainywa yote mbele yetu bila kumkaribisha mtu. Na watu wakampenda zaidi. Mimi ningefanya vile wangesema nina roho mbaya.

Nimezunguka sana. Niseme la binti yangu.

Bhoke alikuwa bado mdogo, ule umri wa kuuliza kila kitu. Mama yake alikuwa akipikia vijana wa duara letu. Sufuria kubwa la maharage lilikuwa linachemka juu ya mafiga, figa moja likateleza, sufuria likainama na mtoto ameligeuzia mgongo. Kuanzia shingoni hadi nyuma ya mapaja. Nilimbeba kwenye pikipiki mama yake akiwa nyuma yangu, na sitaki kueleza njia ile.

Tabibu aliosha. Siku zikapita, akaosha. Kisha akaniita nje ya wodi, akaniambia mtoto ana kidonda kikubwa na ngozi ndogo. Nyuma ya mapaja ndiko kulikoungua, mbele ni pembamba kama kuku wa msimu wa njaa. Atachota kidogo, asubiri pale alipochota pafunge, achote tena, na katikati ya kusubiri mtoto anaweza kututoka.

Nikamwambia achote kwangu. Mimi nilikuwa na mwili, mnaniona. Nikampigia paja langu kofi alione.

Alifikiri. "Nitachukua," akasema. "Lakini nisikilize, Baba Bhoke. Haitaota. Itakaa kidogo, halafu itaanguka. Mwili humpokea mgeni, haumpi shamba."

Mgeni. Neno hilo nililisikia vizuri sana. Nikamuuliza mgeni gani, mimi ndiye niliyemzaa. Akasema ndiyo, na hata mama yake ni mgeni, ngozi inajua ya kwake tu. Nikamwambia yeye achote, mambo ya damu yangu aniachie.

Alitaka kunichoma ganzi, nikakataa. Nilitahiriwa nikiwa wima, mbele ya watu, sikupepesa. Nitachomwa ganzi na mtu anayeogopa kuku? Alinisihi, nikamwambia akate. Akakata. Kovu lilitoka limepinda, na huwa nasema ni kwa sababu meza yao ilikuwa na mguu mbovu.

Na ngozi ilishika. Alipofungua kitambaa, ilikuwa imelala mgongoni kwa mwanangu, rangi nzuri, imetulia kama imeumbwa pale. Nilitoka pale nikatangaza. Nilitangaza kwenye karasha, nikatangaza kwenye vilabu, nikawanunulia watu vinywaji: Tabibu alisema haitashika, imeshika, damu ni damu. Hakuna aliyelala njaa karibu yangu wiki ile.

Halafu ikaanza kugeuka. Ikawa ya kijivu, ikakauka kingo, ikaanza kubanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Ikaanguka yote.

Mnajua machimbo. Kulikuwa na mwenye duara mwenzangu, Chacha, aliyekuwa hajaona dhahabu msimu mzima na hakuwa na kazi nyingine ila mdomo. Alingoja watu wajae kwenye karasha, akasema kwa sauti ya mtu anayeuliza njia: "Ngozi imerudi kwa mwenyewe. Na mtoto naye arudi kwa nani?"

Nilimwangusha, hilo wote wanalikumbuka. Lakini neno halianguki na mtu. Nilikwenda nyumbani nikamtazama mke wangu. Sikuuliza kitu, yeye ndiye aliyejibu. "Nenda kamuulize aliyekwambia haitaota," akasema, akaendelea kuchambua mchele. Kwa muda mrefu baada ya hapo nilikula nilichojipikia.

Nilikwenda kwa Tabibu. Nilimkuta akiosha mikono, kazi aliyoifanya kama wengine wanavyosali. Akanieleza tena, kwa upole kuliko kawaida yake, kwamba ndivyo ilivyo kwa kila mtu, baba, mama, kaka. Pacha waliotoka yai moja tu ndio wanaoweza kukopeshana ngozi. Kila chembe ya mwili, yeye aliita seli, ina alama zake, na walinzi wa mwili wanazisoma.

"Na yako je?" nikamuuliza. "Tungempa yako, ingeota?"

Alicheka. Labda alidhani ni utani. Labda alikuwa amechoka. Mimi nilikiona kicheko kile kikitoka mdomoni mwake, na miaka yote hii sijakisamehe.

Maana hebu mwone mtoto mwenyewe. Ngozi yake Bhoke, ile ndogo ya mapajani, Tabibu aliichota, akaitoboa matundu mengi ili ivutike kama wavu, akaitandaza, akasubiri, akachota tena. Miezi. Na miezi ile mwanangu akawa wa kwake. Muuguzi mwingine akishika bandeji, analia. Tabibu akiimba wimbo wake ule mbovu, ananyamaza. Nilileta gauni kutoka Sirari, nilileta mwanasesere anayefumba macho. Alivipokea, akasema ahsante kama mama yake alivyomfundisha, akaangalia mlango. "Tabibu yuko wapi?" Siku moja niliingia nikamsikia anamwita Tata. Tata ni baba, na baba ni mimi. Kwa Kikurya hakuna mwingine.

Katika kitanda cha jirani alilazwa mtoto kutoka kijiji cha Nyarero. Huyo naye nimweleze, kwa sababu bila yeye hamtamjua Tabibu. Mtoto yule hakuungua. Alizaliwa na ngozi isiyoshika. Ukimwinua kwa makwapa inabaki mkononi mwako kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Mama yake alimlaza juu ya majani ya mgomba, maana shuka lilimchuna. Tabibu alichota ngozi pale palipokuwa pazima, akapanda, ikaota vizuri, na ilipozeeka kidogo ikabanduka kama ile ya kwanza. Akapanda tena. Ikabanduka.

Alikasirika kama mtu aliyetukanwa. Nilimsikia akimweleza yule mama: "Shamba zuri. Kupanda nimepanda. Mbegu yenyewe ndiyo ina kosa." Akasema ndani ya kila seli kuna maelekezo ya namna ya kutengeneza ngozi, na kwa mtoto huyu neno moja limekosewa, lile la gundi inayoshikisha ngozi na nyama. Yeye anaweza kuhamisha mche, hawezi kurekebisha kilicho ndani ya mbegu. Mama akauliza nani anaweza. "Labda wapo wanaojaribu," akasema. "Mimi sipo nao."

Mtoto alifariki masika yalipoanza. Tabibu aliketi kwenye kitanda kitupu, viatu vyake vina matope na hakuvifuta. Bhoke akashuka kitandani kwake, yeye ambaye alikuwa hatembei bila kubembelezwa, akaenda kumtilia peremende mkononi. Peremende nilizonunua mimi. Nilisimama mlangoni na mfuko wa machungwa, nikaona mtu analia na mwanangu anamfariji, na nikatamani, Mungu anajua, kuwa mimi ndiye ninayelia.

Bhoke alipona. Alisoma kuliko mimi, jambo jepesi, na kuliko mama yake. Ana pua yangu, ana kiburi changu, anajadiliana bei kama mimi. Siku hizi kuna vipimo vya kuonyesha mtoto ni wa nani. Sikwenda, na hakuna mtu aliyeniambia niende akabaki rafiki yangu.

Lakini mwaka huu alipochumbiwa na kijana wa Nyambureti, maneno ya Chacha yakafika kabla ya ng'ombe. Tulikaa kwenye mazungumzo, mambo yanakwenda vizuri, mjomba wa bwana harusi akakohoa. Mzee mwembamba, mwenye heshima ya kukera. Akasema upande wao wamesikia kitu cha zamani, kwamba binti aliikataa ngozi ya baba, nao hawataki kesho atokee mtu mwingine kudai mahari. Wanataka tu kujua ng'ombe wanampelekea nani.

Niliinuka. Na kabla sijafungua kinywa, Bhoke alisema kutoka mlangoni, "Twendeni kwa Tabibu. Aseme yeye."

Aseme yeye. Mimi nipo, nimesimama, baba yake, na neno langu halitoshi. Hukumu ya jina langu ikakabidhiwa kwa mtu aliyenicheka. Lakini ng'ombe walikuwa wamepangiwa siku na wazee walikuwa wanatazama. Nikachukua ufunguo wa gari.

Tulikwenda Mbalibali, mimi na Bhoke mbele, mjomba nyuma ameshika fimbo yake kama usukani. Tabibu alikuwa ameketi uani kwenye kiti cha kamba. Macho yameingia ukungu. Viatu vinang'aa bado. Sijui nani anamsaidia kuvipiga rangi. "Shikamoo, Tabibu," Bhoke akasema, na nami nikamwamkia, maana amenizidi umri, sikuwa na namna. Alimjua Bhoke kwa sauti. Akanyoosha mkono, Bhoke akapiga magoti, akashusha kitenge kidogo begani, na vile vidole vidogo vikapita shingoni kwake. "Hapa nilikata vibaya," akasema. "Hapa pazuri. Hapa ni pazuri sana."

Hakuuliza tumefuata nini. Alikuwa na la kwake la kusema, na alilisema kana kwamba tulikuwa tumekaa wote jana. Mpwa wake amemsomea kwenye simu. Kuna mtoto nchi za mbali, ana ugonjwa ule ule wa mtoto wa Nyarero. Madaktari wamemchuna kipande kidogo, wamezitenga zile seli, wamefuga kirusi wakakibebesha neno lililo sahihi kikaliingize ndani ya mbegu yenyewe. Mbegu ikapona. Wakaikuza kwenye visahani, mashuka kwa mashuka, wakamvalisha mtoto karibu mwili mzima. Ngozi yake mwenyewe, iliyorekebishwa. "Anacheza mpira," Tabibu akasema. "Anaanguka, anainuka." Akapapasa viatu vyake. "Ninawaonea wivu. Hadi chakula hakipiti."

"Wewe?" nikasema.

"Mimi. Yule wa kwangu nilimlaza kwenye jani la mgomba."

Miaka yote nilidhani katika wilaya hizi mbili hakuna anayenishinda kwa wivu.

Mjomba akakohoa, akaeleza shida yake kwa maneno yale yale ya heshima. Tabibu aligeuza macho yake ya ukungu upande ilikotoka sauti.

"Mama yako yu hai, mzee?"

"Alishafariki."

"Angekuwa hai, akakupa ngozi yake leo, mwezi ujao ingekuwa imeoza mgongoni kwako. Ungemkana?"

Mjomba akaangalia fimbo yake. Tabibu akamrudia Bhoke, na sasa alisema taratibu. "Wewe hukuwa na ngozi ya kufunika hata mgongo wa paka. Maji ya mwili yalikuwa yanakutoka kama mtungi uliopasuka. Ya baba yako ndiyo iliyoziba. Ilikaa mpaka yako ikawa tayari, ndipo ikaanguka. Kazi yake ilikuwa hiyo. Bila ile mimi ningepanda nini, na kwa nani?"

Bhoke alinigeukia. Alikuwa anajua ngozi yangu ilikataa. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kumwambia ilifanya nini kabla ya kukataa. Hata mimi sikuwa nimeambiwa hivyo, au niliambiwa na masikio yangu yalikuwa kwa Chacha.

"Iliuma, Tata?" akaniuliza.

"Haikuuma."

"Alikataa ganzi," Tabibu akasema. "Akaniambia yeye ni mwanamume. Kisha akatikisika kama bati kwenye upepo, nikamharibia paja."

"Meza ilikuwa mbovu," nikasema.

Mjomba ndiye aliyeanza kucheka, kisha wote. Akasema ng'ombe watakuja kwangu, Jumamosi, kama ilivyopangwa. Bhoke akamwomba Tabibu aje siku ya harusi, akaketi meza ya mbele. Tabibu akauliza atakaa karibu na nani, maana haoni vizuri, asije akamwagia watu mchuzi.

"Karibu na Tata," Bhoke akasema, na mara hii alimaanisha mimi.

Tulipoingia garini, aliweka mkono wake pajani kwangu, pale pale, juu ya suruali, akauacha. Nikawasha gari. Lakini uso wake ulikuwa dirishani, ametoa mkono wa pili nje, anampungia yule mzee uani, anapunga na kupunga, kana kwamba tunakwenda ng'ambo ya dunia na si Tarime mjini. Barabara ilikuwa na mashimo, mjomba nyuma anagonga kichwa kwenye paa na kusema taratibu, bwana, taratibu.

Nikakanyaga mafuta.